Tatu na Nusu Juu ya Nne

Malindi,
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Elieza,

Shikamoo. Nakuona hapo barazani umevaa lile sweta la kijivu, unaitikia marahaba kwa sauti ingawa hakuna wa kukusikia ila mbuzi wa jirani. Goti linaendeleaje? Wifi aliniambia umeanza tena kupanda ngazi za kanisani bila fimbo, nikafurahi, halafu akaongeza kwamba umeanza pia kupanda ule mparachichi, furaha ikaniishia hapo. Watoto wapo, kaka. Waache wao wapande. Na Mama je, bado hataki kuvaa miwani? Mwambie nimeuliza, na nimesema avae.

Sisi huku tu wazima. Joto limeshika, na mtu aliyezaliwa milimani kama mimi halizoei hata akae miaka. Pale sokoni wananihesabu mwenyeji sasa, lakini ngozi yangu bado inadai ukungu wa Lushoto. Karisa naye hajambo. Yuko palepale Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, anatengeneza pampu za kuvutia maji ya bahari, na akirudi jioni akivua viatu mlangoni huacha vumbi jeupe ambalo mimi ndiye wa kulifagia.

Rambirambi zenu za msiba wa mama mkwe tulizipata. Karisa aliisikiliza sauti yako kwenye simu, akatoka nje, akarudi, akaisikiliza tena. Aliniambia nikushukuru, akasema umeongea kama mtu aliyemjua mamake.

Sasa umeniuliza habari ya kwaya, na ya shule, ukalalamika kwamba kwa simu nakupa maneno nusunusu. Ni kweli. Mambo yenyewe yana nota ndani yake, na nota hazisemeki kwa simu. Mwambie wifi akuletee chai, ukae usome.

Ni habari ya mtu mmoja anayeitwa Daktari Anselmi. Si daktari wa kutibu. Ni mtunzi wa muziki, amesomea ng'ambo, anafundisha Nairobi, na ukimwita Bwana Anselmi hugeuka nyuma kutazama ni nani aliyeingia. Ana ndevu zilizopunguzwa kama uzio wa michongoma wa ofisi ya serikali. Alipokuja shuleni kwetu mara ya kwanza, mwaka jana, mwalimu mkuu alitupanga mstari tumpokee. Akatupita walimu wote akaenda kukisalimia kinanda. Akabonyeza kibao kimoja, akafumba macho, akasema kinanda hiki kinateseka. Kilikuwa kinateseka kweli, kwa sababu panya walishazaa ndani yake, lakini hilo ningemwambia mimi bila kufumba macho.

Alikuwa anatafuta nyimbo za wenyeji. Alisema anatunga kazi kubwa juu ya lile korongo la Marafa ambalo watalii hushuka kulipiga picha, na anataka sauti za watu wanaoishi karibu nalo. Mwalimu mkuu hakuwa na wimbo wa kumpa, akanitoa mimi. Mimi nami, kwa ukarimu wangu wa kijinga, nikamtoa mume wangu, na Karisa akampeleka kwa mamake, kulekule Marafa. Nilifuatana nao.

Mama mkwe wangu, Sidi, unamkumbuka. Ndiye aliyecheza na Mama siku ya harusi yetu hadi wote wawili wakavua viatu. Kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua tulipokwenda na Daktari, lakini kwa kuwa mgeni ametoka mbali alichinja kuku, na Daktari alikula mapaja yote mawili bila kuuliza mwingine atakula nini. Baada ya hapo akaweka mezani mashine yake ya kunasia sauti. Mama mkwe akamwambia ana wimbo wa kutwangia mahindi, alioupata kwa bibi yake, akavuta kinu, akashika mchi, akaanza. Daktari akamsimamisha. Mchi unapiga kelele, akasema, unaharibu sauti. Akamwomba auweke chini, akae kwenye kiti, aimbe tu.

Mama akakaa. Akaunganisha mikono mapajani kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, akaimba. Wewe umeongoza kwaya, unajua inakuwaje wimbo wa kutwanga ukiimbwa bila kutwanga. Pale mchi unapotakiwa kuanguka hapaanguki kitu, na mwimbaji anangoja. Na Mama, pamoja na kungoja, alikuwa akitafuta pumzi. Mimi nilikuwa nje jikoni, nikamsikia kupitia dirishani, nikajua amechoka, nikaingia na maji ya kunywa. Daktari akaninyooshea kiganja nisimame palepale. Alikuwa amefumba macho.

Masika yaliyofuata Mama akafariki, kwa kifua hichohicho. Hayo unayajua.

Miezi ikapita. Siku moja mwalimu mkuu akaniita ofisini, akaniwekea mezani bahasha nene. Kazi ya Daktari imekamilika, akasema, nayo inaitwa Ufa. Itaimbwa Watamu, kwenye bustani ya hoteli ya mama mmoja wa Kiitaliano anayependa sanaa, na kwaya yetu ya wasichana imepewa heshima ya kuiimba. Neno heshima alilirudia mpaka nikadhani kuna mtu amefariki.

Nikaifungua bahasha nyumbani, mezani, baada ya kuosha vyombo.

Hapa inabidi nikueleze kidogo, maana wewe ulibaki na solfa, zile do re mi za kwaya, na nota za mistari mitano Baba alinifundisha mimi kwa sababu sikumpa nafasi ya kupumzika. Unakumbuka zile tarakimu mbili zinazopandana mwanzoni mwa wimbo. Ya juu inasema kila chumba kina mapigo mangapi, na chumba, kama Baba alivyokuwa akikiita, ni nafasi iliyopo kati ya mstari mmoja wa wima na unaofuata. Ya chini inasema ni nota ya aina gani inayohesabiwa kuwa pigo. Tenzi zote tulizokulia ni tatu juu ya nne, au nne juu ya nne, basi. Na ile ya chini huwa mbili, nne, nane au kumi na sita, kwa sababu nota hukatwa kama mkate: unakata katikati, kisha kila nusu unaikata katikati.

Usidhani nadharau nisichokijua. Zipo alama nyingine ambazo si za kawaida kwetu, nazo nazipenda. Saba juu ya nane niliwafundisha wasichana mchana mmoja tu, kwa kuihesabu mbili, mbili, tatu. Niliwapa maneno: "maji, maji, chumvini." Unapiga kofi mwanzo wa kila neno, na makofi hayalingani, la mwisho linadumu kidogo zaidi, nawe unachechemea vizuri kabisa. Tano juu ya nane ikawa "maji, chumvini." Walikwenda wakiimba hivyo mpaka bwaloni na mpishi akaja kunishitaki. Kama wimbo wenyewe unachechemea, alama ya namna hiyo inakuambia ni kwa mguu upi, na hapo mtunzi anakuwa amekusaidia.

Ufa ulianza na saba juu ya nane. Nikasema vyema. Chumba cha pili kilikuwa tano juu ya kumi na sita. Nikasema haya. Cha tatu kilikuwa nne juu ya sita.

Soma tena, kaka. Sita iko chini. Ukate mkate katikati na katikati mpaka kesho, vipande sita hupati. Nikaenda kuulizia na kusoma, kwa sababu sipendi kumtukana mtu kabla ya kuhakikisha, nikakuta kweli wapo watunzi wa siku hizi wanaoitumia, nayo ina maana yake. Unachukua ile nota ndefu ya mapigo manne, unaigawa vipande sita vilivyo sawa, kisha unapiga vinne kati ya hivyo. Kwa maneno mengine mapigo yanakazwa ghafla, mahali pa mawili yanaingia matatu, kisha kabla hujazoea chumba kimekwisha. Wapo wapigaji ala waliozeeka na hesabu hiyo, nao wanajua wanaitafutia nini. Kwa wasichana wa kidato cha tatu ingetosha kabisa kuandika kile kitatu kidogo juu ya nota, kama Baba alivyotuonyesha, na kila mmoja angejua abane matatu mahali pa mawili.

Ukurasa wa nne ndio ulionifanya niweke kalamu chini. Tatu na nusu juu ya nne. Piga hesabu mwenyewe. Mapigo matatu na nusu ya nota za robo ni sawasawa na mapigo saba ya nusu za nota hizo. Ni saba juu ya nane, ileile ya ukurasa wa kwanza, isipokuwa sasa imevaa tai. Sikuona kazi yoyote inayofanywa na alama hiyo ambayo mwenzake hakuifanya. Iliwekwa pale ili ujue kwamba Daktari anaijua. Mtu aliyenunua miwani ya jua akaacha lebo kwenye kioo angalau wewe unaweza kumkumbusha.

Karatasi zote zilikuwa hivyo, kila chumba na alama yake, hakuna viwili jirani vilivyofanana. Nikaanza kuimba polepole sauti ya kwanza, nikipiga meza kwa kidole, nikikosea na kurudia. Karisa alikuwa uani ananawa. Akaja akasimama mlangoni maji yakimchuruzika mikononi.

"Huo wimbo wa mama umeutoa wapi?"

Sikuwa nimeutambua, kaka, nami niliusikia kila tulipokwenda Marafa. Ulikuwa umekatwakatwa kama muhogo wa kukaanga. Nikauimba tena, safari hii nikazipuuza alama zote, na hapo ukaja mzima mzima: wimbo wa Mama wa kutwanga, sita juu ya nane ya kawaida kabisa, ambayo ungeiandika wewe huku umesinzia. Ile mitego yote ilikuwa ni nafasi za mchi, mchi ambao Daktari mwenyewe aliamuru uwekwe chini. Aliondoa pigo, kisha akashangaa kwamba mapigo hayalingani, kisha akauita mshangao wake utunzi.

Chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, aliandika: "Kutokana na wimbo wa mwimbaji asiyejulikana, Marafa."

Asiyejulikana. Na kuku wake alimla.

Nikachukua penseli nikaanza kusafisha. Palikuwa na chumba kimoja, katikati ya ubeti, tano juu ya kumi na sita, kimya kitupu isipokuwa nota moja iliyowekewa msalaba mahali pa kichwa. Nota ya namna hiyo haiimbwi. Juu yake aliandika kwamba waimbaji wavute pumzi kwa nguvu, isikike, kama ufa unaofunguka. Kwa kwaya chumba kama hicho ni kisiki, unajikwaa na wote walio nyuma yako wanaanguka. Nikakifuta. Nikamwimbia Karisa wimbo niliousafisha, nikidhani atafurahi. Akatikisa kichwa, akaniomba niuimbe kama ulivyoandikwa, na alama zake. Nikaimba, nikafika pale, nikavuta pumzi.

"Hapo ni mama," akasema. "Alikuwa anatafuta pumzi. Usipafute, Neema."

Akarudi uani. Nilisikia bomba likifunguliwa, maji yakimwagika muda mrefu, na hakuna kilichokuwa kinaoshwa.

Mimi nilibaki na penseli yangu. Yule mtu alikaa pale amefumba macho, hakujua anachokisikia, na bado alikuwa amekipima kifua cha Mama kwa usahihi ambao hospitali haikuufikia. Aliuandika ugonjwa akidhani anaandika korongo. Nilimdharau zaidi, si pungufu, maana ni afadhali mtu akose kabisa kuliko kupatia hivyo bila kujua. Lakini nilikirudisha kile chumba, na tarakimu zake mbili.

Mazoezi ya kwanza Daktari alikuja kuongoza mwenyewe. Alivaa shati jeusi na fimbo ya kuongozea ilikuwa na kasha lake lenye kitambaa ndani. Kufikia chumba cha tatu mkono wake na mguu wake vilikuwa vimeachana, kila kimoja na safari yake, na wasichana walikuwa wananitazama mimi. Akasimamisha, akasema joto la pwani linavuruga mapigo. Akajaribu tena. Akasema ingefaa kwaya izoee kwanza mkono inaoujua, akanikabidhi, akaketi nyuma na kufumba macho.

Basi niliziandika upya karatasi za wasichana. Palipokuwa na tatu na nusu juu ya nne nikaweka saba juu ya nane. Palipokuwa na sita chini nikaweka kile kitatu cha Baba. Sauti ilikuwa ileile, au karibu sana na ileile. Kilichoondoka ni majivuno. Chumba cha pumzi nilikiacha kama kilivyo, na nikawaeleza wasichana ni cha nani, wakakifanyia mazoezi kuliko vyote.

Jambo la jina nilimwendea nalo chumba cha walimu, wakati wa chai. Nilimwambia mwimbaji anajulikana, yeye Daktari mwenyewe alikula kwake, na mume wangu ni mwanawe. Akaniambia, kwa upole wa kumwonea mtu huruma, kwamba jina lingeupunguza wimbo. Kwamba ukiwa hauna jina unakuwa sauti ya ardhi. Nikamweleza habari ya mchi. Nikamweleza habari ya kifua. Akatabasamu.

"Mwalimu Neema, wewe unasikia kikohozi," akasema. "Mimi nasikia muundo."

"Mimi nilimsikia kila siku niliyokaa naye," nikamwambia. "Anaitwa Sidi Kazungu. Andika."

Alisema karatasi za ratiba watakazopewa wageni zimeshapigwa chapa. Jioni ile mwalimu mkuu akaniita. Hakunigombeza, alinikumbusha tu, akipanga kalamu zake mezani, kwamba mimi ni mgeni katika nchi hii, kwamba kibali changu cha kazi hutoka kwa barua ya shule, na kwamba mkataba wangu unaisha na muhula. Nikamjibu kwamba nimemwelewa, na kwamba bila jina la Sidi wasichana hawapandi jukwaani, na ikiwa anataka kuwaongoza yeye kwenye tano juu ya kumi na sita, fimbo ipo, na ina kasha zuri.

Kesho yake Daktari alikuja amekubali. Hakukuwa na kwaya nyingine ukanda huu iliyokuwa tayari kugusa karatasi zake, na siku ilikuwa imekaribia. Alisema atalitaja jina yeye mwenyewe, jukwaani, kabla hatujaanza. Nilimwamini nusu.

Tuliimba Jumamosi mchana. Bustani ilikuwa imenyweshwa maji mpaka viatu vya wasichana vinazama, wageni wamekaa chini ya hema na mavazi ya kitani, wahudumu wanapita na vinywaji vyenye majani ndani. Karisa alikuja na lile shati la harusi yetu. Alipewa kiti nyuma kabisa, karibu na meza ya vikombe vichafu, na aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo aliposikia raha kukaa kwa kuwa hakuna aliyemuuliza yeye ni nani.

Daktari akapanda kuzungumza. Ufa, akasema, ni ukoloni. Ufa pia ni usasa. Ufa ni moyo wa Afrika unaopiga bila kulingana, na ufa, hapa akashika kifua, ni kuachana kwake na mkewe. Mama wa Kiitaliano alitikisa kichwa kwa huzuni. Mwisho akasema kwamba wimbo huu ulimjia kutoka kwenye ardhi yenyewe ya Marafa, akashuka, akaketi.

Nilikuwa nimeshainua mikono. Wasichana walikuwa wananitazama, na waliijua ahadi. Nikaishusha mikono, nikageuka.

"Wimbo huu haukutoka ardhini," nikawaambia wageni. "Umetoka kwa Sidi Kazungu wa Marafa, mama mkwe wangu, ambaye sasa ni marehemu. Alikuwa mgonjwa wa kifua alipouimba. Mtakaposikia wasichana wamenyamaza wakavuta pumzi, huyo ni yeye."

Sikungoja nione nyuso. Nikageuka tena nikainua mikono, tukaanza.

Waliimba, kaka. Sijui nikuelezeje. Saba ilichechemea pale inapotakiwa, kitatu kikabana pale kinapotakiwa, na tulipofika kwenye kile chumba nilifunga ngumi, wote wakanyamaza, na pumzi ya wasichana wote ikaingia kwa pamoja, kavu, fupi, kama mtu anayeinuka kitini kwa shida. Nyuma yangu kijiko kilichokuwa kinakoroga kikaacha kukoroga. Kisha tukaendelea. Tulipomaliza nikageuka kuinama, nikamwona Karisa amesimama peke yake kule nyuma. Wengine wote walikuwa bado wamekaa. Hakuwa anapiga makofi. Alikuwa amesimama tu kama watu wanavyosimama mwili unapopita.

Baada ya hapo wakapiga makofi, na Daktari akapanda kuyapokea. Alikuwa na machozi. Alinishika mikono yote miwili akaniambia hajawahi kupata kwaya iliyokuwa mwaminifu hivi kwa maandishi yake. Kila alama, Mwalimu, akasema, kila alama. Karatasi zenye alama zake nilikuwa nimezifungia vitumbua vya wasichana asubuhi ile. Sikumwambia. Kuna watu ambao hata kuwaumbua ni kuwapa muda wako.

Halafu akamfuata Karisa, kwa kuwa alimwona amesimama. Akamwambia kwamba pale kwenye kimya cha tano juu ya kumi na sita ndipo wasikilizaji wengi hupotea, na kama angependa anaweza kumfafanulia.

"Hapo nilielewa," Karisa akamwambia.

Daktari akampiga bega. Akanigeukia akasema umeona, kazi inamfikia hata mtu wa kawaida. Kaka, nimewahi kumwona mlevi akiiaga nguzo ya umeme kwa heshima zote, nami nikamwonea huruma. Kwa huyu huruma nilikosa mahali pa kuishikiza.

Jumatatu mwalimu mkuu alinipa barua. Nimemwaibisha mgeni wa shule, na mkataba hautaongezwa. Kwa hiyo muhula umekwisha, nami sina kazi ile tena, na ndiyo habari niliyokuwa naizungukazunguka kwenye simu. Tafadhali usiniambie nirudi. Ninafundisha kwaya ya kanisa hapa Malindi na nyingine Gongoni, na watoto wachache wa kinanda, na habari ya kibali tunaishughulikia kwa njia ya ndoa, jambo ambalo tungelifanya zamani kama Karisa asingekuwa mvivu wa foleni. Wasichana wangu bado wanakuja nyumbani Jumamosi na kumaliza sukari.

Na Daktari? Ameandika. Ufa utaimbwa Nairobi, na anataka niuongoze mimi, kwa kuwa wapigaji wa huko wanalalamikia alama. Akanitumia picha ya karatasi mpya ya wageni ili nione ukarimu wake. Palikuwa pameandikwa "Sidi, Marafa." Nusu ya jina. Nikamjibu kwamba mama mkwe wangu hakuwa paka, na mikono yangu itainuka jina likiwa kamili. Zikapita siku. Juzi karatasi imekuja tena: Sidi Kazungu, kwa herufi ndogo kuliko zake yeye, lakini zote zipo. Nitakwenda. Usije ukadhani nimeanza kumheshimu. Nakwenda kusimama upande wa Sidi.

Msalimie Mama, na mwambie shoga yake wa harusini ametajwa mbele za watu. Wasalimie wifi yangu mpishi wa chai, mchungaji wetu na sauti yake ya nne isiyojua kushuka, na shangazi wa bondeni anayeninunia kwa kuolewa mbali. Watoto wako wakumbatie mmoja mmoja, asirukwe mtu.

Ndani ya bahasha hii utakuta kikaratasi. Si mwandiko wangu. Baada ya Watamu Karisa aliniomba nimfundishe kukisoma kile chumba kimoja, na mikono yake ile ya kufungulia pampu imejifunza kukipiga kwa kijiko ukingoni mwa meza, tano fupi, na msalaba mahali pake. Nilipotaka kumfundisha kinachofuata akasema kimemtosha. Amekichora mwenyewe, akapiga mistari mitano kwa rula ya kazini na bado imepinda, akaniambia nimpelekee shemeji yake wa milimani. Ndiyo nota pekee anayoijua duniani, naye anaijua vizuri.

Mdogo wako,
Neema